Fundo

Kwa Kisanskriti kitabu ni grantha.
Lichimbe neno hilo hadi mzizini:
kufunga. Kamba, na fundo lake tu.
Humo hamna wino, hamna hata herufi.

Alamelu analijua hili kwa vidole.
Kumbakonam, ghorofa ya juu, feni imekufa,
anayapaka majani ya mvumo mafuta ya mchaichai,
kisha masizi, na maandishi yanaibuka
kama kovu la utotoni.

Limebaki bunda moja. Alilikaza baba yake
mwaka ule walipogawana nyumba na mdogo wake:
huyu akachukua majani, yule mbao za jalada.
Tangu hapo hata salamu hazikuvuka.

Mkasi uko mezani. Hautaki.
Anachokonoa kwa sindano, kwa kucha, kwa jino;
kamba ina ladha ya kafuri.

Granthi, anakumbuka, ndilo fundo la mti,
la kidole chenye baridi yabisi,
na lile la moyoni
ambalo baba aliliita heshima.

Linalegea.
Umeme unarudi, feni inashtuka,
naye anayalalia majani kwa kifua yasipeperuke.

Kesho atapiga simu Mysore,
aulize kama zile mbao bado zipo.