Dakika Kumi na Moja

Simu hii haipendi paa.
Shefu wa kartie alituambia siku ya mafunzo,
ameishika kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani:
toka nje, nyosha antene, elekea mashariki, juu,
subiri. Ikilia mara mbili, imekuona.

Miaka minne ilikaa kabatini pamoja na mihuri.
Kila Jumatatu niliichaji, nikaandika daftarini:
Betri imejaa. Hakuna aliyepiga.
Wenzangu walicheka. Walisema, Kasoki,
unanyonyesha tofali.

Usiku ule mlima ulipasuka upande wa Kibati,
wekundu ukaingia Goma hadi chini ya vitanda.
Taa ya mnara wa rezo ilipepesa kidogo
kisha ikazimika,
na simu zetu zote za mikononi
zikawa tochi.

Nikatoka.
Kila mtu anatafuta pa kujificha,
mimi natafuta mahali pasipo na kitu juu yake.
Uwanja wa shule, juu ya mawe meusi
ya moto wa zamani, yale yale
tuliyojengea kuta, na vyoo, na makaburi.
Majivu yananitua kwenye nyusi.
Ikalia mara mbili.

Salio: dakika kumi na moja.

Bukavu iko pale tu, mwisho wa ziwa.
Unalala ndani ya boti, unaamka umefika.
Lakini usiku ule, ili nisikike Bukavu,
sauti yangu ilibidi ipande kwanza,
iupite mlima, na moshi wake, na ndege zote,
igonge kijichuma kisichojua jina la Goma,
ndipo ishuke.
Safari hiyo ina nauli:
unasema, unanyamaza, unahesabu moja,
ndipo mwenzako anaanza kukusikia.
Mkiwa na haraka mnagongana,
maneno yanang'oka meno.

"Bukavu, hapa Goma."
Moja.
"Goma, mimi Cishugi. Sema polepole, mama."

Nikasema polepole, nyuma yangu watu wanakimbia na magodoro.
Barabara ya Rutshuru imekatwa.
Wengi wanakwenda Sake kwa miguu, wengine barieri.
Leteni boti, kubwa. Maji ya kunywa. Oksijeni.
Wodi ya wazazi ina wanawake kumi na tisa.
Moja.
"Rudia hesabu ya wanawake."
Ishirini. Mmoja amefika sasa hivi, juu ya chukudu.

Salio: dakika nne.

Walikuwa wamenizunguka tayari.
Habamungu, muuza unite wa pale kona,
alinisukumia kadi zake zote, rundo zima,
kana kwamba mbingu hununua kwenye kibanda chake.
Mpigie mke wangu. Mara moja tu.
Nikamwambia, mkeo ana simu kama yako,
amekufa rezo kama wewe.
Hakunitukana. Aliokota kadi, moja moja, gizani.

Nami nina mtoto Majengo, kwa bibi yake.
Namba yao naijua kuliko sala.
Kidole kilifika tarakimu ya sita
kabla sijakumbuka nilichomwambia Habamungu.
Nikafuta.
Msiniite shujaa. Ni daftari tu:
kila dakika ina mstari wake,
na kila mstari unataka sahihi.

Dakika ya kumi, Cishugi akasema boti zimetoka.

Ya kumi na moja hatukuwa na neno.
Ningekata. Sheria inasema ukimaliza, kata.
Lakini kule kwake, yeye aliye chini ya paa,
nilisikia mvua inapiga mabati,
mvua ya kawaida, isiyo na habari,
na mtu akimwita mwenzake aingize ndoo.
Ilikuwa imenifikia kwa kuchelewa, kama kila kitu,
nikaisikiliza hadi simu ikakatika yenyewe.

Shefu alipokagua daftari, wiki mbili baadaye,
kidole chake kilisimama mstari wa mwisho.
Hiki nini?
Soma, nikamwambia, mwandiko ni wangu.

Dakika ya 11: mvua, Bukavu.
Sahihi: Kasoki.