Fundo

Mimi ndiye niliyekuwa nikiuza mabarafu ya ukwaju
pale Langoni, kwenye baraza ya marehemu mamangu:
nailoni nyembamba, ndefu kama kidole,
na juu yake fundo langu,
mara mbili, kisha ncha napitisha chini,
naivuta kwa meno.
Hakuna mwengine Amu nzima afungaye hivyo.
Watoto waliing'ata pembe, wakafyonza, wakatupa.
Mtaro ulikuwa karibu.
Mimi nilikuwa nahesabu chenji.

Punda wa Famau Kombo, yule Saburi,
aliyebeba mchanga wa nyumba za watu wasiokaa ndani yake,
alilala chini Jumatano, shogi li mgongoni,
tumbo limewambwa kama ngoma.
Akawa anaugeukia ubavu wake, anautazama,
kama aliyeitwa na mtu aliye ndani.
Asubuhi daktari wa punda alikuja na mpira na mafuta.
Jioni akaja na kisu.

Sikuwa na haja ya kwenda kutazama. Nilikwenda.
Kilichotoka kilikuwa kizito, cha kijani, kimesokotana
kama kamba ya nanga iliyooza:
mfuko wa saruji, karatasi ya mkate, ugwe wa kiatu,
na mafundo.
Mara mbili, ncha chini.
Nilihesabu mpaka kumi na saba, nikaacha.
Famau hakusema kitu. Yeye hawezi kulisoma fundo.
Watu husema fundo la moyo.
Langu nililikuta tumboni mwa punda.

Usiku nilijitetea. Mji mzima unatupa, nilisema,
mkate sikuoka mimi, saruji sikuuza mimi.
Kweli kabisa.
Na yale kumi na saba?

Nikanunua vikombe vya bati, dazeni mbili.
Kunywa hapa, rudisha kikombe.
Watoto wakanuna. "Barafu ya kikombe si barafu,"
alisema Twalib, "huwezi kutembea nayo."
Wakahamia kwa Mwanashee, uchochoro wa pili,
ambaye hufunga mara moja tu.
Mwezi ule nilipata nusu. Uliofuata, nusu ya nusu.
Vikombe vitatu vilipotea; kimoja nilikikuta
kwa jirani, kuku wanakinywea.
Shemeji akaniuliza: "Utazimaliza taka za Amu peke yako?"
Nikamjibu, za Amu sizimalizi, namaliza zangu.
Nilisema tu.
Sikujua zangu ni kiasi gani.

Nikaanza kuzifuata. Alfajiri, kijiti chenye msumari,
mtaroni, nyuma ya bucha, pwani maji yakishatoka.
Fundo langu nalijua.
La mtu mwengine naliokota pia:
mgongo ukishainama, unachagua nini?
Naziosha kwa sabuni ya mche, nazianika uani,
zinapepea kama nguo za mtoto
ambaye hajazaliwa.

Miezi tisa.
Nikashona gunia, nikalishindilia,
nikalipigia nyuzi kama godoro.
Famau ana punda mwengine sasa, jike, bado mdogo,
shogi limeshamtoboa mgongo.
"Mna nini humu?"
"Matandiko."
Akalibonyeza, likalia chwaa.
Mafundo ya nani, sikumwambia.
Nitamwambia. Bado.

Leo kapita hapa na mchanga wake,
yale mafundo juu ya mgongo, si ndani ya tumbo,
na kidonda kimeanza kushika ngozi.
Twalib alikuwa barazani, anakunywa funda moja moja
ili usiishe upesi.
Akaninyooshea kikombe kitupu, uso kaupeleka kando:
"Hiki hapa. Usinitangaze."

Mtaroni mlikuwa na nailoni sita,
zimefungwa mara moja moja. Za Mwanashee.
Nikakunja buibui, nikashuka.
Gunia la pili halijafika hata nusu.