Kibati Namba Thelathini na Moja

Seva niliiweka Chumbageni, ghorofa ya pili,
juu ya duka la baiskeli la Mbwana Shekiango,
nikaipakia madaftari ya mishahara
ya shamba la mkonge lililokwisha kufa:
kurasa zilizotafunwa na mende, majina kwa wino wa zambarau,
alama za dole gumba za wasioshika kalamu.
Watoto wao huja kuyatafuta. Wanataka ushahidi
kwamba baba alikata mkonge, kwamba alilipwa,
kwamba alikuwepo.

Uzi wangu ulikuwa mmoja.
Niliandika: soma faili. Kisha mstari unaofuata.
Na seva, tiifu kama askari wa gwaride,
ikasimama mlangoni pa diski, mikono ubavuni,
mpaka ukurasa wa mwisho utoke.
Mmoja akiomba daftari zima la mwaka hamsini na nane,
kurasa mia nne, picha nzito kama magunia,
wote nyuma yake wakaganda,
hata yule aliyetaka herufi moja tu:
babu yake aliandikwa Kihiyo, au Kihio?

Nikaenda masjala kuomba radhi.
Bi Mwantumu hakuwa na nafasi ya radhi zangu.
Alikuwa na dirisha moja, kiti kimoja,
na bakuli la vibati vilivyopigwa namba kwa msumari.
"Chako hiki, kakae." Karatasi ya ombi kwa Shekue,
Shekue huyo, kapotelea stoo,
na Bi Mwantumu keshamgeukia mwingine.
Hakumfuata. Hakunyoosha shingo kuchungulia.
Shekue aliporudi, vumbi kwenye kope,
hakupiga kelele; aliliweka jalada ukingoni mwa meza.
Bi Mwantumu akaimaliza kwanza sentensi iliyokuwa mdomoni,
akagonga muhuri, ndipo akaita: "Kumi na saba!"
Dirisha lilelile moja.
Na foleni ilikuwa inatembea.

Nikarudi, nikabomoa kila kitu.
Usiku kucha, feni ikikoroma, nikaandika upya:
omba, pokea ahadi, endelea na mwingine,
kikiwa tayari utaitwa.
Kulipokucha hakuna aliyeganda.
Nilijisifu. Nikanunua chapati mbili badala ya moja.

Alhamisi Nakijwa alileta jina la baba yake,
lililorukwa na karani wa zamani.
Akaliandika, akabonyeza. Seva ikamjibu: Limehifadhiwa.
Ikamjibu kabla diski haijapokea hata herufi,
na umeme ukakatika papo hapo,
kama unavyokatika Tanga, bila hodi.
Faili nililolikuta lilikuwa na jina kwa nje,
ndani sifuri.
Baba yake alifutwa mara ya pili,
na safari hii karani ni mimi.

Ahadi ni deni, tuliambiwa tangu chuoni.
Sikujua kuna deni la milisekunde.

Basi nimelirudisha neno nililolifukuza: subiri.
Si mlangoni, kwa watu wote. Hapa tu,
mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
Nakijwa asubiri cha Nakijwa
na wengine wapite pembeni yake.
Usiseme "limehifadhiwa" mpaka diski yenyewe iseme.
Na alfajiri, dirisha likiwa bado limefungwa,
seva ikiamka na kupapasa funguo zake,
naiacha isome polepole, kimoja baada ya kingine,
kwa mtindo ule wa zamani nilioutukana.
Nyuma yake hakuna mtu.

Bi Mwantumu aliyasikia haya yote akihesabu vibati.
Kimoja kilipungua, thelathini na moja;
Nakijwa aliondoka nacho siku ile.
"Hiyo mashine yako," akasema, bila kuinua macho,
"Shekue wake akikosa jalada huko stoo,
humwambia mtu? Au humwacha
ameshika bati mpaka jioni?"

Mstari huo sikuwa nimeuandika.
Nimeuandika leo.
Kibati bado hakijarudi.