Arobaini ya Gancho

Zdravka amenifuata shuleni, aproni bado kiunoni,
mikono inanukia ngano ya kuchemsha.
Anataka matangazo thelathini ya arobaini ya mumewe,
ya getini, ya kituo cha basi, ya ukuta wa duka la mikate,
kama wafu wote wa kijiji chetu wanavyobandikwa.
"Dobrich watakuchapia," nasema. "Nusu saa tu."
"Printa anayo," ananijibu.
Hasemi alikuwa nayo.

Chumba cha Gancho kinanuka nta.
Kompyuta aliisuka mwenyewe kwa vipuri vya watu,
ndani akatia Linux, kwa sababu, alizoea kusema,
yeye halipi mtu kodi ya kuwaza.
Haijazimwa tangu siku ile.
"Feni yake," anasema Zdravka, "inanguruma kama mtu yumo."

Printa iko chini, ghalani, kati ya mizinga mitupu,
waya umepitishwa sakafuni kwa tundu la keekee.
Taa ya kijani inawaka,
uso wa asiye na hatia.

Natuma ukurasa. Kimya.
Natuma tena, kosa la kila fundi.
Nafungua dirisha jeusi, naiuliza foleni:
printa imesimamishwa, kazi tatu zinasubiri.
Tatu? Mimi nimetuma mbili.
Naliacha hilo liwe.

Naiamsha. Inaamka, inalala.
Nabisha hodi kwenye anwani yake, ile inayoishia ishirini na tatu.
Pakiti nne zimekwenda,
hakuna iliyorudi.
Nashuka ngazi, nachomoa waya, napuliza, nachomeka.
Napanda. Hodi.
Hodi.
Kumbe mnaweza kulala nyumba moja
na msijuane milango.

"Kuna kitu kilibadilika hapa?"
Ananitazama kama niliyeuliza iwapo maji yanalowesha.
Kisha, taratibu:
"Walikuja wa simu. Mkataba ulikuwa kwa jina lake.
Wakataka cheti cha kifo, wakang'oa kisanduku cha zamani,
wakaweka hiki cheupe. Na printa wao ndio waliiwasha,
kujaribu waya."

Nashuka tena. Nakandamiza kitufe cha printa sekunde tano
nayo inatema karatasi ya kujieleza:
anwani yangu, inasema, inaishia kumi na moja.

Basi ndiyo hiyo.
Kisanduku kipya kiligawa namba upya,
hakikuuliza nani alikuwa nani.
Na kompyuta, ambayo hakuna aliyeiambia,
siku zote hizi ilishikilia ishirini na tatu,
mahali pasipo mtu.

Nafuta, naandika kumi na moja. Naifungulia foleni.
Chini ya miguu yetu kitu kinakohoa,
kinavuta karatasi.

Ya kwanza kutoka si tangazo.
Ni lebo, ishirini na nne kwa ukurasa:
ASALI YA ALIZETI. GANCHO VASEV.
Imetumwa tarehe tisa Agosti, saa nne kasoro usiku.
Alikuwa akizima printa jioni, umeme ni pesa;
angeiwasha asubuhi.

Zdravka anaishika karatasi kwa ncha za vidole,
ingali na joto.
"Ndoo nne," anasema, "ziko pale nyuma ya pazia.
Sijazigusa."

Ndipo yanafuata matangazo, moja baada ya moja,
na katika kila moja mstari mweupe unamkata Gancho shavuni:
wino umekaukia kwenye tundu.
"Nisafishe, tuchape upya?"
"Acha. Kunyoa hakujua hata siku moja."

Anatafuta mkasi. Anaanza na lebo,
matangazo yakiwa bado yanashuka yenyewe sakafuni.
"Nikizijaza hizo chupa," anasema bila kuinua macho,
"utachukua mbili?"
Natikisa kichwa kushoto, kulia,
ndivyo tunavyokubali sisi.