Utaona

Kazi yangu ni ndogo: nasimama kati ya vinywa viwili
katika Korti ya Rufaa ya Bukavu,
nageuza Kiswahili cha mtu kuwa Kifaransa cha faili.
Miaka kumi na tisa. Sikuwahi kushindwa na neno
mpaka Jumanne ile.

Neno lenyewe lina silabi nne.
Nsimire M'Cirhulwire, muuza makala wa Kadutu,
alilitamka kwenye mkutano wa avenyu, mbele ya watu arobaini,
kidole kikimwelekea chifu wa mtaa
aliyekuwa ameuza mfereji. Naam, mfereji,
njia ya maji, vipande vitatu kwa watu watatu,
kila mmoja na risiti yake yenye muhuri:
"Mvula ikinyesha, utaona."

Basi. Hayo tu.
Korti ya chini ilimpa miezi sita kwa kutisha.
Kule waliandika *mvua*, kama wanavyofundisha shuleni,
lakini yeye alisema *mvula*, na ile l ya kwetu
ina harufu ya udongo mwekundu unaoteleza usiku.
Faili haina pua.

Prokireri akasimama: Kidole kilinyooshwa. Sauti ilipanda.
Siku kumi na moja baadaye, ukuta wa mlalamikaji ukaanguka.
Wakili wa mama, kijana Akonkwa, joho la kuazima likimfunika viganja,
akauliza: Je, mteja wangu anamiliki mawingu?
Watu wakacheka. Rais wa korti akagonga meza.
Katiba, akasema kijana, inampa kila mtu kinywa.
Sheria, akajibu prokireri, inampa kila mtu usingizi.
Nikatafsiri yote mawili,
na yote mawili yalikuwa kweli.

Ndipo rais akanigeukia:
Mkalimani, neno hili linatisha au halitishi?

Mama yangu, akinituma mikate:
nenda mpaka Nyawera, pinda kushoto, utaona.
Nikaona.
Daktari, mkono begani mwangu:
kunywa hizi wiki mbili, utaona.
Na mwenye bunduki, mwaka ule, njia ya Kavumu,
alilisema polepole, karibu kama baba,
na mjomba Zihindula hajarudi hadi leo.
Silabi zilezile nne.
Kinachobadilika ni kile alichoshika msemaji.

Nsimire alikuwa ameshika mfuko mtupu wa makala.
Masizi mpaka kwenye viwiko.

Lakini mkalimani hana maoni, amekula kiapo.
Nikatoa maneno mawili ya Kifaransa,
mepesi kama maganda ya karanga,
karani akayafagia ndani ya daftari lake.
Hukumu, siku nane.

Nje, wingu lilikuwa limekalia Nguba.
Chifu alitazama juu kabla yetu sote.

Kwenye ngazi, yule mama akanishika shati:
"Uliwaambia nini?"
Ulichosema, mama.
"Na mvula? Kwao inaitwaje?"
Nikamwambia.
Akalijaribu mdomoni, mara moja, mara mbili,
kama mtu anayeonja chumvi ya dukani,
akatikisa kichwa.
"Hiyo haiwezi kubomoa ukuta."