Zamu ya Usiku, Lanet

Nyumba ni ya Jerotich, nesi aliyestaafu.
Sebule ameigawa kwa waya wa kuku,
kochi lake limehamia barazani
linakula jua na mvua.
Majirani wakipita hushika pua.
"Harufu gani hii?"
Ya nguchiro, jirani. Haina jina jingine.

Hatukuanza kwa huruma, nikisema kweli.
Tulianza kwa sababu Osundwa, fundi baiskeli,
alikuta watatu ndani ya gunia kwenye jaa la Gioto,
na gunia limefungwa kwa fundo la mtu asiye na haraka.
Fundo lile ndilo lililomkera.
"Mtu alikaa chini," akasema,
"akafunga vizuri."

Ofisi hatuna. Tuna daftari la shule,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha,
na mwandiko ni wangu.
Kumi na tisa: dume, mguu wa nyuma, mtego wa waya.
Ishirini: alifugwa Milimani na mtoto wa watu,
akapendwa mpaka alipoota meno.
Ishirini na moja hakufika asubuhi.
Mstari wake uko wazi.
Kalamu ilikuwepo.

Gathigia wa bucha hutuwekea utumbo kila Ijumaa,
kwenye karatasi huandika *wa mbwa*
wateja wasije wakamcheka.
Tunamwachia aibu yake, ni ndogo,
na utumbo ni mwingi.

Mama yangu hanichekei.
"Watu hawana unga," anasema,
"nyinyi mnalisha panya warefu."
Nimetafuta jibu tangu mwezi wa pili.
Nikilipata nitamwambia.
Kwa sasa navaa sweta, nachukua tochi,
naye ananifungulia mlango bila neno,
kisha anasimama pale mpaka nipite taa ya kona.

Usiku mmoja Kibowen alikuja na rungu.
Kuku kumi na mmoja, koo zimetobolewa.
"Mnafuga wezi!"
Jerotich hakubishana. Alimpa tochi.
Wakahesabu pamoja, tundu kwa tundu,
mzee akitaja namba kwa sauti kama anaita mahudhurio,
macho mekundu yakimjibu gizani.
Wote walikuwemo.
Kesho yake Osundwa akaenda kuziba banda la Kibowen
kwa spoku kuukuu, hakudai hata chai.
Mzee bado hatupendi.
Lakini juzi aliuliza, akitazama pembeni,
"Yule kiguru, anakula?"

Saa nane. Saa kumi na moja.
Bomba la sindano lisilo na sindano,
maziwa ya mbuzi, matone sita, pumzika, matone sita.
Kitoto kiganjani ni moyo tu uliovaa manyoya,
unatetema kama simu chini ya mto.
Nje mbwa wa mtaa wanabweka, wanajibizana,
na mimi naogopa kupiga chafya.

Jerotich amekataza majina.
"Ukimpa jina utamtaka abaki."
Osundwa anatii kwa mdomo.
Kumi na tisa anaitwa Inspekta, sote tunajua.

Tulimpeleka yeye na wenzake sita
vichakani chini ya Menengai, umande haujakauka,
kwenye sanduku lililowahi kubeba mikate.
Kifuniko kikafunguliwa. Pua moja. Pua tatu.
Kisha nyasi zikafumba
na hakuna aliyegeuka kusema lolote.
Jerotich aliinama kufunga kamba ya kiatu.
Alikuwa amevaa ndara.

Njiani hatukuzungumza,
ila karibu na reli akasema sanduku lisianikwe juani, litapasuka,
kuna mtu Njoro amepiga simu,
kuna kimoja kimekwama ndani ya bomba la maji.

Huyo ndiye thelathini na nne.
Alipotoka aliniuma kidole gumba mpaka kwenye mfupa.
Nimefunga kitambaa, nimeshika kalamu kwa mkono wa kushoto,
na chini ya *hali yake*
nimeandika, herufi zikienda upande:
ana nguvu.