Stika ya Kiswahili

Ghala liko nyuma ya reli, Pasua,
mlango wake wa bati hulia kila ukifunguliwa.
Makopo elfu mbili ya maziwa ya watoto
yameingia jana usiku kwa njia ya Holili,
kila kopo na kichanga anayecheka
juu ya maandishi nisiyoyajua.

Kazi yangu ni stika.
Shilingi ishirini kwa kopo, chai ya saa nne kwa bosi.
Sheria inataka mnunuzi asome kwa lugha yake:
jina la bidhaa, uzito halisi, viambato,
nchi ilikotoka, anwani ya aliyeiingiza,
namna ya kuihifadhi,
na zile tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa,
kama za msalabani.

Ndetaulwa alinifundisha wiki ya kwanza:
usibandike kama anayeziba pancha.
Futa vumbi, nyoosha toka katikati,
pembe zisikunjike.
Nikawa najivunia. Dukani Kiboriloni
nilikuwa nageuza makopo nitazame mkono wangu.

Leo stika zimekuja pana kuliko za jana.
Temba kaonyesha kwa kidole: hapa, chini kabisa,
iguse ukingo.
Nimebandika arobaini bila kuwaza.
La arobaini na moja lilikuwa na unyevu, stika ikateleza,
nikaona chini yake muhuri wa kiwandani:
mwezi wa tatu, mwaka uliopita.
Kwenye stika yangu: mwezi wa tatu, mwaka ujao.

Namba haihitaji mkalimani.

Nikamkumbuka Aikaeli, jirani yangu,
anayesoma kwa kufuatisha kidole, herufi moja moja,
mapacha wake mgongoni na kifuani.
Uongo wa lugha ngeni angeutilia shaka,
angeuliza, angerudisha kopo rafuni.
Huu wa Kiswahili
angeusoma mpaka mwisho, akashukuru,
akachemsha maji.

Sikupiga kelele. Kodi ya chumba ni tarehe tano.
Nilipandisha stika juu vidole viwili, basi.
Kopo baada ya kopo, imenyooka, pembe hazijakunjika,
na chini yake muhuri uko wazi,
tarehe mbili zinatazamana
kama mashahidi waliokosa kupangana.

Temba akapita. "Mbona zimepanda?"
"Gundi haishiki kwenye wino, bosi."
Akaguna. Akaenda kupokea simu.

Saa saba wenzangu walipokwenda kula
niliyarudia yale arobaini, kitambaa chenye maji, kucha.
Stika ya Kiswahili haibanduki kirahisi,
nilikuwa nimezibandika vizuri mno.
Mpaka sasa kidole gumba kinanata
kwenye kila ninachoshika:
kikombe, kitasa, ukurasa huu.

Namba ya simu ya wakaguzi
imeandikwa ukutani, karibu na choo, kwa mkaa.
Nimeisoma mara tatu.
Ndetaulwa naye ananitazama.